Nimeukalia Mfuniko

Jumanne, 4 Machi

Gari la matangazo limepita na lile spika lake linalokwaruza. Maji yanapanda! Siyo maji yenyewe – hayo hata ghorofa moja hayapandi – bei yake. Na ya maji taka nayo juu. Yaani tulipie yakiingia, tulipie na yakitoka! Kijino alikuwa amelala, kaamka analia. Nikamwambia lia mwanangu, lia, leo una sababu.

Uani pakachafuka. Kinyozi wa chumba cha mbele kaacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa nusu bado, katoka na mashine yake mkononi: hatulipi! Mteja nyuma yake na shuka shingoni: hatulipi! Bibi Funguo, mwenye nyumba wetu, akasema Mamlaka ya Maji wakitaka hela zao waje kwanza wazibue hii chemba ya uani inayotapika kila mvua. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Chumba chetu ndicho cha mwisho, kule ua unakoinamia. Chemba ikifurika inaanzia mlangoni kwangu, pale pale Kijino anapojifunzia kutambaa.

Baba Kijino aliporudi nikamwambia, mabosi wako wana wazimu. Yeye ni mtu wa Mamlaka, upande wa maji taka. Kule kwenye pampu, anafungua na kufunga koki kubwa – ndivyo alivyoniambia tangu kabla hatujaoana. Kacheka kidogo, kaenda kuoga. Mume wangu anaoga sana. Wenzangu wanaolewa na vinuka jasho, mimi nimepata mwanaume msafi!

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya ghafla. Raha tupu! Ua wetu una namna yake ya kukausha maji, nyumba zingine watuonee wivu. Kinyozi anakuja na mtaimbo, anachokonoa mfuniko wa chemba mpaka unainuka, kisha wote na mafagio – sukuma! sukuma! – maji yote yanaingia shimoni. Na mchanga. Na majani. Nywele za wateja wa Kinyozi, vipande vya vitambaa vya Dada Cherehani wa chumba cha jirani, kila kitu. Kabla nguo hazijaloa vizuri, ua mkavu. Mimi mwenyewe nilisukuma, Kijino mgongoni anapiga kelele za furaha.

Baba Kijino kaingia, kaona ua mkavu. Akauliza, mmefungua chemba? Nikasema tumefungua. Akakaa kitandani akishika kiatu kimoja. Muda mrefu. Mwisho akasema, ile haikuwekwa kwa ajili ya mvua. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Ana jeraha kwenye muundi wa mguu. Eti kajigonga kwenye pampu. Nimeliosha kwa maji ya chumvi, halafu nikaliosha tena maana harufu yake siipendi. Kijino leo kaonyesha jino la pili. Itabidi tumbadilishe jina!

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianze wapi.

Baba Kijino alisahau chakula chake juu ya meza. Nikasema ngoja nimpelekee, na Kijino akaone pampu ya baba yake. Mlinzi wa getini akanitazama, akatazama kibakuli, akasema: Baba Kijino? Huyo mbona hakai huku, mama. Yeye ni wa watu wa chemba. Wako nyuma ya sokoni leo.

Nikaenda. Kundi la wanaume, shimo wazi katikati ya njia, na msimamizi wao – wanamwita Nyapara – kashika kamba kama mtu anayechota kisimani. Akavuta. Ukatoka mkono. Kikatoka kichwa. Mume wangu! Kamba kifuani, puani hana kitu, buti moja limepasuka ubavuni, lile la mguu wenye jeraha. Mweusi mpaka kwenye nyusi. Na mkononi kabeba bonge la uchafu lililosokotana, nywele na vitambaa, likidondoka.

Kitambaa kile cha maua ya manjano nakijua. Ni cha gauni alilolishona Dada Cherehani wiki mbili zilizopita. Alibaki na vipande, akavifagia chembani na mvua.

Aliponiona akaficha lile bonge nyuma yake, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Kijino akanyoosha mikono, ba-ba-ba. Akarudi nyuma. Usinisogelee, nimechafuka.

Nimeweka kibakuli chini nikaondoka. Njia nzima nimelia. Halafu hasira zikaja, machozi yakakauka yenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Tumeongea. Yaani mimi nimeongea kwanza, sana, halafu yeye.

– Kwa nini hukuniambia?
– Ungekubali nikuoe?
– Ningekubali! Ningenunua sabuni zaidi!

Tukacheka mpaka Kijino naye akacheka, hajui anacheka nini. Basi akaniambia yote. Mabomba yaliwekwa mji ulipokuwa barabara moja na maduka yake. Sasa sisi sote tumejibana mle mle. Maji safi nayo mengi yanavujia ardhini kabla hayajafika kwenye mita ya mtu yeyote. Pampu inayosukuma uchafu inaishi kwa viungo vya pampu nyingine iliyokufa. Na gari la kunyonya chemba lipo – limepandishwa juu ya mawe, matairi hayapo. Bili zetu, alisema, hazitoshi hata umeme wa pampu. Ndiyo maana wanataka kupandisha.

Nikamuuliza, sasa gari likiwa juu ya mawe, nani ananyonya? Akasema, tunashushwa sisi. Sisi ni rahisi kuliko gari.

Alisema kawaida tu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Rahisi! Huyu aliyeniambia nisiogope nilipokuwa najifungua, rahisi!

Akaniambia kingine. Wakiwa ndani, wanachoogopa siyo panya wala harufu. Ni watu wa juu kufungua mifuniko yao mvua ikinyesha. Maji yanakuja kwa mpigo. Husikii mpaka yamefika.

Mimi na ufagio wangu. Sukuma! sukuma!

Alhamisi, 13 Machi

Nimewaambia kwenye foleni ya bombani. Nilidhani wataelewa, wana waume na wao. Nikasema chemba inatapika kwa sababu tunailisha wenyewe. Nikasema bei ikipanda kidogo na gari likashuka kwenye mawe, si nafuu kwetu?

Weee! Ungedhani nimetukana mama zao.

Dada Cherehani: vitambaa vyangu vimeandikwa jina huko chini? Nikasema havihitaji jina, maua ya manjano yale unayo wewe peke yako mtaa mzima. Akanigeuzia mgongo, mgongo mpana ule, nikabaki naongea na ukuta. Kinyozi akapita na taulo begani: msemaji wa Mamlaka huyo, mpisheni! Wakacheka. Jina limeshanasa. Msemaji njoo uchote. Msemaji mwanao analia.

Nilipogeuka ndoo yangu imehamishwa mwisho wa foleni. Nikaibeba nikairudisha pale pale ilipokuwa. Ikahamishwa. Nikairudisha, nikaikalia. Nimechota zamu yangu.

Jumamosi, 15 Machi

Mkutano wa bei. Ukumbi wa shule, madawati ya watoto, watu wazima magoti yamegusa videvu. Baba Kijino kakatazwa kuhudhuria, mfanyakazi haruhusiwi. Mimi sijaajiriwa na mtu. Nikamfunga Kijino mbelekoni nikaenda.

Ofisa wa Mamlaka kaongea nusu ya asubuhi. Gharama za uendeshaji, ukarabati wa miundombinu, sijui nini endelevu. Watu wanapiga miayo. Kwa nini asiseme tu pampu inakufa? Pembeni yake mwandishi na kalamu. Kitu nimekigundua: mtu akipiga kelele, mwandishi akainamisha kichwa kuandika, huyo mpiga kelele anashusha sauti, anapanga maneno. Kalamu inaogopwa kuliko polisi!

Kinyozi kasimama. Lazima niseme kweli, kaongea vizuri. Kasema leo mtatuambia ni pampu, kesho tutaona magari mapya yenye vioo vyeusi. Kasema anayelipa ni yule yule mwenye bomba, na wanaoiba maji kwa mpira usiku mnawajua na mnawaacha. Ukumbi ukalipuka. Mimi mwenyewe nilitamani kupiga makofi.

Halafu nikanyoosha mkono. Sijasoma mimi, darasa la saba na kwaheri. Nikasema: Kinyozi amesema kweli, na mimi naogopa vioo vyeusi. Lakini mume wangu anashushwa kwa kamba kwenye uchafu wetu sote kwa sababu gari liko juu ya mawe. Pandisheni. Nasema pandisheni! Wanaochota ndoo moja moja msiwaguse, wapandishieni wenye bustani na wenye kuosha magari kila siku. Na hela ya kwanza kabisa iliteremshe lile gari. Siyo ya pili. Ya kwanza.

Nyuma wakazomea. Msemaji! Msemaji! Ofisa kanitabasamia kama mtu anayempa mtoto peremende: ahsante mama, hilo tutalizingatia.

Nikasema, usilizingatie. Liandike.

Watu wakacheka, lakini safari hii siyo mimi waliyemcheka. Mwandishi akamtazama ofisa. Ofisa akatazama meza. Kalamu ikatembea. Jina? Nikasema, Mama Kijino. Kijino akapiga chafya, wakacheka tena.

Ningekaa hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini ulimi ukishawaka! Nikaongeza kwamba na sisi wa majumbani tuache kufungua mifuniko mvua ikinyesha, hata kwetu tunafungua. Ofisa akaamka kabisa. Hee, kumbe! Akasema watapita nyumba kwa nyumba, mfuniko uliochokonolewa una faini kwa mwenye nyumba.

Bibi Funguo alikuwa dawati la tatu. Nilisikia funguo zake zikilia.

Jumapili, 16 Machi

Kaja. Kakaa kwenye kitanda changu, kaweka bonge lake la funguo mapajani. Mwanangu, nakupenda kama binti yangu wa kumzaa. (Hapo nikajua.) Umenianika mbele ya watu. Ama uwaombe radhi watu wa ua huu, hadharani, useme ulichosema ni uongo, ama mwisho wa mwezi nipate chumba changu.

Nikasema, shikamoo bibi, sijakuamkia, nilisahau. Ndicho kitu pekee kilichonitoka!

Alipoondoka Baba Kijino akasema, omba tu radhi Mama Kijino, maneno hayachubui. Tutakwenda wapi na mtoto? Nikamwambia, yakikuchukua maji huko chini, hicho chumba nitalala na nani? Akamchukua Kijino akamrusha juu, akamdaka, akamrusha.

Siombi radhi. Nitafute chumba ambako ua hauinami. Vipo. Lazima vipo.

Jumanne, 18 Machi

Kijino kasimama! Kashika fremu ya mlango, kasimama peke yake, kapepesuka kama mlevi, kakaa. Hakuna aliyekuja kuona, uani hawanisemeshi. Dada Cherehani alikuwa kwenye cherehani yake, mguu ukasita. Nilimwona akitabasamu. Alipoona nimemwona, akaendelea kushona kwa nguvu.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nimeukalia mfuniko wa chemba. Mvua inaninyeshea. Daftari nimelitia ndani ya mfuko wa plastiki na mkono wangu humo humo, maandishi haya Mungu anajua nani atayasoma. Hata mimi sitayasoma.

Naandika kwa sababu wananitazama. Nitaeleza.

Leo Baba Kijino na wenzake wako kona ya barabara yetu, chemba inayofuata baada ya hii yetu. Imeziba. Asubuhi nilimpelekea uji, nikamwona akifungwa kamba. Nimemfunga mimi fundo la pili juu ya lile la Nyapara. Mbingu nyeusi tangu alfajiri. Nyapara kasema dakika tu, mama, anatoa gogo tunafunga.

Mvua haikungoja dakika za mtu. Ilimwagika. Nikakimbia mpaka kona, Kijino mgongoni. Wametandika turubai juu ya shimo, wamelishika pembe zote. Ametoka? Hajatoka. Buti lile bovu limenasa chini, anajaribu kulivua. Nyapara ananipigia kelele: rudi kwenu mama, huko juu wasifungue! Wasifungue mpaka nipige filimbi!

Nimerudi mbio. Ua ziwa tayari. Kinyozi kashaweka ncha ya mtaimbo kwenye ukingo wa mfuniko. Nimekaa. Tako moja juu ya chuma chenyewe, ilibidi autoe mtaimbo wake.

Ndipo nikasema. Mume wangu yumo ndani! Kinyozi akaenda getini, akarudi: wamejikinga chini ya turubai wote, nimewaona kwa macho yangu, nani anabaki shimoni mvua kama hii? Nikasema turubai ndilo limefunika shimo. Akasema, Msemaji, kila siku una hadithi mpya.

Maji yaliingia kwangu kwanza, si ndiyo mlango wa mwisho. Nilipitia hapo mara moja tu, Kinyozi alipokwenda getini. Nimenyakua blanketi la Kijino na daftari hili lililokuwa chini ya mto, basi, nikarudi kukaa. Sasa naona kandambili za Kijino zinatoka mlangoni zinaelea, moja mbele moja nyuma, kama zinakwenda matembezini. Godoro limeshakunywa. Ziende! Godoro linanunuliwa.

Kinyozi akasema, ondoka, nitakubeba na mwanao. Nikafungua daftari, nikainamisha kichwa, nikaandika. Hivi hivi kama yule mwandishi. Akasita. Unaandika nini? Nikasema, majina.

Karudi nyuma! Mwanaume mzima na mtaimbo wake!

Mvua inazidi. Filimbi bado.

Maji yamefika chumba cha Dada Cherehani. Namwona anapandisha majora ya watu juu ya meza, juu ya kabati, gauni la harusi ya mtu kalivaa shingoni lisiloe. Wananiambia unaona unavyomharibia mwenzio riziki? Naona. Naona vizuri sana. Sisemi uongo. Karibu ninyanyuke.

Yeye ndiye anakuja. Anapiga maji kwa miguu, mwavuli mkononi. Nikajua leo napigwa. Kasimama mbele yangu, kamtazama Kijino, kanitazama mimi. Akasema:

– Sogea huko. Hivyo vitako vyako haviutoshi huu mfuniko.

Kakaa. Mfuniko wote umejaa! Mwavuli kamshikia Kijino, sisi wawili tunaloa. Sijui niandike nini. Kaniuliza kwa sauti ndogo, yale maua ya manjano, kweli aliyatoa kwa mkono? Nimeitikia kwa kichwa. Akasema, usiniandike jina lakini. Nikamwambia siandiki jina la mtu, naandika ovyo tu. Akacheka kwa puani. Andika, andika, wanatazama.

Bibi Funguo katoka. Maji yamegusa kizingiti chake. Kauchukua mtaimbo mkononi mwa Kinyozi yeye mwenyewe, uzito wote ule, anakuja. Anasema chemba ni yake, nyumba ni yake, mfuniko ni wake, atahesabu mpaka kumi halafu atachokonoa tukiwa juu yake hapa hapa.

Ahesabu.

Moja, kasema. Kijino kanishika sikio. Mvua inapiga mabati, nimemwambia Dada Cherehani nyamaza, nyamaza nisikie. Kaacha hata kupumua. Nne. Wote uani wamenyamaza, sijui kwa nini na wao. Hata Kinyozi kageuza shingo kutazama barabarani.

Filimbi sijaisikia. Sinyanyuki.